Mtaro Umekuja, Jirani Ameondoka



Leo siandiki mitindo ya shela wala rangi za satini, ingawa najua wapo maharusi wanaosubiri ile makala ya lesi niliyoahidi. Itakuja inshaAllah. Leo nina jambo limenikaa kifuani tangu mwezi wa Shaaban, na lilianzia kwenye kupima gauni.

Alikuja bibi harusi mmoja na mama yake, kupima mara ya pili. Mtoto wa mtaani kwetu huyu, nimemuona anakwenda chuoni na juzuu yake kifuani. Nikiwa nimepiga magoti nachoma pini kwenye pindo, nikamuuliza kama ninavyowauliza wote, nyumba mmepata wapi? Akasema Tunguu. Nikasema mashaAllah, kuna hewa nzuri Tunguu. Mama yake akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu wa kike ni huyu mmoja. Akijifungua, uji wa uzazi nitampelekea kwa gari mbili."

Bwana harusi alikuwa ametafuta chumba na ukumbi hapa hapa mtaani miezi minne. Vyumba vipo. Bei yake ndiyo haikuwepo mfukoni mwake.

Mtaa wetu ni wa bondeni, huku Ng'ambo. Jina lake sitalitaja, maana mwenye nyumba wangu anasoma hapa, au kama si yeye basi mkewe. Kwa wasomaji walioko nje ya Unguja: Ng'ambo ni upande wa pili wa Mji Mkongwe. Zamani palikuwa na hori la bahari katikati na daraja la kuvukia, ndiyo maana mpaka leo tunasema Darajani na daraja lenyewe hulioni. Hori lile lilifukiwa wakati wa Waingereza. Lakini ukifukia hori, mvua haijui. Maji bado yanatafuta pa kupita, na mitaa ya chini ndiyo inayoyapokea.

Mie nimefungua duka langu la kushona hapa nikiwa na cherehani moja na meza ya kuazima. Kila masika nilijua la kufanya: meza juu ya matofali, majora ya vitambaa juu ya kabati, cherehani juu ya kitanda, na mtu juu ya roho yake. Masika ya 2015 ndiyo yaliyonifunza adabu. Maji yaliingia kabla ya alfajiri. Nilikuwa na gauni la harusi ya Ijumaa, jeupe, nimelining'iniza juu kabisa ukutani, nikasahau kwamba mkia wake ni mrefu. Nilipofungua mlango maji yalikuwa magotini na mkia umeelea, na yale hayakuwa maji ya mvua peke yake. Nyote mnajua mashimo ya vyoo yakijaa inakuwaje. Niliukata mkia wote, nikakopa lesi, nikashona mwingine siku mbili bila kulala. Bibi harusi yule hajui mpaka leo. Kama unasoma, mwanangu, nisamehe. Gauni lilitoka zuri zaidi.

Na hiyo ilikuwa nguo tu. Wapo waliopoteza magodoro, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mashine za barafu walizokuwa wakiuzia. Na baada ya maji huja maradhi. Kipindupindu kwetu sisi si habari ya kwenye redio.

Kwa hivyo mtaro ulipokuja, mie nilikuwa wa mwanzo kushukuru, na mnipe haki yangu hapo kabla hamjafika chini mkasema nimekufuru neema. Mji wetu umepata kazi nyingi za namna hii. Ule mradi mkubwa wa huduma za mjini uliokuja kwa mkopo wa Benki ya Dunia ndio uliojenga ukuta wa bahari pale Mizingani, pamoja na mitaro ya maji ya mvua na taa za barabarani. Huku kwetu walikuja watu na kamba za kupimia, wakapiga rangi nyekundu kwenye kuta, wakaitisha mkutano kwa sheha. Tukasomewa maneno mapya: mabadiliko ya tabianchi, mji wa kijani, ustahimilivu. Mie nilisikia moja tu, kwamba maji hayataingia tena.

Na hayajaingia. Masika tatu sasa. Mtaro mpana umefunikwa kwa zege, juu yake watu wanapita. Pembeni wametandika vitofali vya saruji, wamepanda miti, wameweka taa za sola. Ramadhani tunakwenda taraweh na kurudi bila kushika tochi, wanawake peke yetu, na watoto wanacheza mpaka Isha. Usiku wa kwanza zilipowaka zile taa, vizee vya mtaani vilitoka na khanga zao vikakaa barazani kama siku ya Idi.

Baada ya miezi sita hivi wakaanza kupita madalali.

Dalali wa nyumba mnamjua. Haulizi kama unauza. Anakaa, anaomba maji ya kunywa, anasema hapa pamekuwa pazuri, anauliza nyumba hii ya nani, warithi wako wangapi, wako wapi. Mara ya pili anakuja na mtu aliyevaa miwani ya jua, hashuki kwenye gari.

Nimekaa nikahesabu ilivyokwenda, kama ninavyohesabu kitambaa kabla ya kukata. Nyumba inayoingia maji ina bei ya nyumba inayoingia maji. Hatukuwa tunaishi bondeni kwa sababu tunapenda vyura. Tulikuwa tunaishi kwa sababu wenye fedha hawapataki, na sisi kodi yetu tulikuwa tunailipa nusu kwa shilingi na nusu kwa kuchota maji kwa ndoo. Mafuriko yaliyokuwa yakitutesa ndiyo hayo hayo yaliyokuwa yakimzuia dalali mlangoni. Mtaro ulipoyaondoa, ile nusu tuliyokuwa tukiilipa kwa ndoo ikageuzwa shilingi. Na hapo tuko robo saa kwa miguu kutoka Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO, na wageni wanaolala huko wanataka vyumba vya bei nafuu zaidi. Penye taa, penye miti, pakavu. Sisi tulisafishiwa mtaa, na ukishasafishwa unapendeza kwa kila mtu, na wa kwanza kupendezwa ni mwenye fedha.

Halafu kuna lile la fomu. Wakati wa kuthamini nyumba zilizopitiwa na mtaro, aliyeandikwa ni mwenye nyumba. Mpangaji aliyekaa miaka kumi na tano, aliyezalia humo watoto wanne, hana fomu. Aliambiwa mapema ahame, na wa kumlaumu hakuna, kwa sababu sheria ya kazi ile inamuona mwenye mali na haimuoni mwenye kuishi. Pia nimeona nyumba ya mke na mume, jasho la wote wawili, fomu ikajazwa jina moja. Mnajua la nani.

Mwenye nyumba wangu alikuja mwenyewe, kwa heshima, hakunitumia mtu. Nilikuwa nalipa elfu themanini kwa mwezi. Akasema kuanzia Muharram ni laki mbili na nusu, na anataka ya mwaka mzima mkononi. Nikamwambia, "Ami, hili duka nimelikaushia maji kwa mikono yangu." Akasema, "Najua mwanangu, lakini nimeletewa mtu anayetoa hiyo." Hakusema uongo. Nikavunja mchezo wa kina mama, nikalipa. Nimepandisha bei za magauni, na nyinyi mliolalamika kwenye simu mwaka huu, sababu ndiyo hiyo.

Lakini duka si kuta. Hili ndilo nililochelewa kuliona. Gauni likitoka kwangu limepita mikono mingi, na mikono yote ilikuwa ya majirani. Shanga nilikuwa nampa msichana wa nyumba ya tatu, anazishona usiku watoto wamelala. Kofia ya bwana harusi, ya mkono, ilishonwa na bibi mmoja aliyekaa uwani kwa mama yangu, nitamrudia. Hina ilikuwa nyumba ya pembeni. Singo ilitwangwa nyuma ya msikiti, na harufu yake ilikuwa ikinijia dukani mpaka wateja wananiuliza nimefukiza nini. Somo wa mtaa, yule anayekaa na mwari siku saba, alikuwa anakaa mkabala na mtaro wenyewe. Bibi harusi aliingia mtaani kwetu Jumamosi asubuhi na orodha yake, na hadi Adhuhuri kila kitu kimeshaagizwa, kwa miguu, hata nauli hakutoa.

Sasa msichana wa shanga yuko Fuoni. Mama wa hina yuko Kinuni. Somo amechukuliwa na mwanawe Kijitoupele, na mwari hawezi kumfuata huko, kwa hivyo wanafunzwa kwa simu. Jamani, mambo yale kwa simu! Mume yuko chumba cha pili! Nimecheka siku niliposikia, kisha nikasikitika. Kila mmoja alipoondoka alisema anafuata nafasi, watoto wamekua, huko kuna uwanja. Hakuna aliyesema amefukuzwa. Mtu anaona haya kusema kodi imemshinda, hasa mbele ya jirani aliyebaki.

Tukiwa wadogo tulikuwa tunasikia habari za mgomo wa kodi ya viwanja. Hizo si hadithi. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi zilipojengwa nyumba zao, na wanawake hawakukaa nyuma, walikuwemo mbele kabisa. Zamani mwenye shamba akimpa mtu pa kujenga kibanda hapa alikuwa hamtozi kitu, au anamtoza cha kujulikana tu. Mji ulipokua na ardhi ikawa mali, kiwanja kikaanza kudaiwa, kisha kikadaiwa zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikawa ya Serikali, kwa hivyo leo tunaponunua na kuuza tunauziana jengo na haki ya kuitumia ardhi. Mtaa ukashuhudia tena kuhamishwa majumba ya Michenzani yalipojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, nyumba za watu zikavunjwa, wakapewa fleti. Wazee walikuwa wakisema fleti nzuri, maji bombani, lakini baraza iko wapi? Nilikuwa nawaona wazee wa lawama. Sasa nawaelewa.

Wala si sisi peke yetu. Vitambaa vyangu nafuata Kariakoo, Dar es Salaam, na pale Kariakoo na Jangwani ni jirani kabisa. Bonde la Msimbazi linafurika kila mwaka, watu wamekufa, hilo halina ubishi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia nyingi zilipelekwa Mabwepande, mbali huko, na sasa kuna mradi mkubwa wa kulinusuru bonde, nyumba zimeondolewa na panatarajiwa bustani ya mji. Mtu atasema, ungetaka wabaki wazame? Hapana. Lakini anayeishi kwa kuuza chapati Kariakoo saa kumi na moja alfajiri, ukimpeleka Mabwepande umemuokoa na maji ukamuacha na njaa.

Na mdogo wangu, ambaye anasoma kila kitu kwenye simu yake, akanionesha habari za Miami, Marekani. Huko kuna mtaa wa wahamiaji kutoka Haiti, unaitwa Little Haiti. Uko mbali na ufukwe, pameinuka kidogo, na kwa miaka mingi matajiri hawakupataka kwa sababu wao walitaka kuiona bahari. Sasa bahari inapanda. Matajiri wamekumbuka kwamba pale ni juu. Bei zimepanda na wenyewe wanasukumwa. Mie nilicheka kwa uchungu. Sisi tunaondolewa kwa sababu chini pamekauka, wao wanaondolewa kwa sababu wako juu.

Sasa nifike kwa kilichonifanya niandike, maana hadi hapa nimejiweka upande wa wanyonge na si kweli yote.

Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, ametuachia nyumba, mitaa miwili kutoka dukani. Mama yangu anakaa humo. Uwani kuna chumba kimoja, na humo amekaa yule bibi wa kofia niliyemtaja, miaka kumi na moja, kwa elfu arubaini kwa mwezi. Tuko warithi watano: mama, kaka wawili, na sisi wa kike wawili. Mirathi haijagawiwa. Tulikuwa tunasema ya nini kugawa na mama yuko hai? Wengi wenu mmo humo humo, najua.

Dalali akafika na kwetu. Milioni mia na themanini, fedha taslimu. Mnunuzi anataka nyumba ya kulaza wageni.

Nitawaambia ukweli mbele ya Mungu: kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa furaha. Sikumfikiria mama. Niliona cherehani ya kudarizi ya kompyuta, ile ninayoitazama kwenye simu kila usiku kama watu wanavyotazama tamthilia. Niliona duka Darajani lenye kioo mbele. Mie yule yule niliyekuwa nikimsema mwenye nyumba wangu kwa wiki nzima, nilipiga hesabu ya fungu langu kabla dalali hajamaliza chai.

Hesabu yenyewe ni hii, na dada zangu ijueni, msingoje kuhesabiwa. Mama ni mke mwenye watoto, anapata thumuni. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamme hisa mbili za mwanamke. Nyumba yetu ukiigawa sehemu 48, mama ana 6, kila kaka ana 14, kila mmoja wetu wa kike ana 7. Kwa bei ya dalali, fungu langu ni milioni 26 na robo. La mama ni milioni 22 na nusu.

Nilipofika kwenye hiyo ya mama ndipo nikaweka kalamu chini. Milioni 22 na nusu haimnunulii mama nyumba Ng'ambo, hata chumba. Inamnunulia kiwanja mbali, na ujenzi ajitafutie, kwa umri wake. Au azungushwe kwa wanawe, mwezi kwa huyu, mwezi kwa yule, kama chungu cha kuazima. Tulipomueleza hakulia wala hakugomba. Aliuliza tu, "Na msikiti nitakaoswali huko, nitamjua nani?"

Kaka yangu mkubwa yuko Dar na ana dhiki ya kweli, sitamsengenya hapa. Watoto wake wamesimamishwa skuli mara mbili kwa ada. Alitaka haki yake na ni haki yake, faraidh haina "subiri". Ndipo nikaenda kwa ustadha wetu wa darsa, nikamuuliza kama kuna njia. Akanifungulia mlango wa shuf'a. Kwa kifupi: mshirika katika mali isiyogawanyika akitaka kumuuzia mtu wa nje fungu lake, washirika wenzake wana haki ya kulichukua wao kwa bei ile ile. Akaniambia kwamba sisi Mashafii tunaiweka kwa mshirika, na Mahanafi wameifikisha mpaka kwa jirani. Akasema ina masharti yake, usiende na maneno yangu ya darsani, nenda kwa kadhi. Nikaenda.

Mpaka kwa jirani! Hilo sijaacha kulifikiri. Sote tunajua Jibril alivyomuusia Mtume wetu (SAW) juu ya jirani, hata akadhani jirani atapewa urithi. Wapo wanavyuoni walioona kwamba nyumba inapouzwa, aliyeko ukuta wa pili ana neno. Kwenye ile mikutano ya mtaro aliyekuwa na neno ni mwenye fomu.

Lakini haki ya shuf'a inakuja na bili. Bei ile ile, maana yake milioni 52 na nusu kwa fungu la kaka. Kaka wa pili alisema yeye hauzi lakini hana cha kutoa. Mdogo wangu alitoa akiba yake. Mie nikauza bangili. Ndiyo, zile za mahari, mlizokuwa mkiniuliza zimenunuliwa wapi kila nikiweka picha. Mume wangu hakuniambia niuze wala hakunikataza, alisema mali yako. Tumempa kaka milioni 17 za mwanzo, zilizobaki tunalipa kwa miaka mitatu, imeandikwa, mashahidi wapo. Mdogo wake wa kike amekuwa mdeni wake, na tunaheshimiana hivyo hivyo.

Na kila mwezi lazima nipate fedha ya kaka. Magauni hayatoshi, ya dukani inakwenda kwenye kodi. Basi nimefanya nini?

Nimepandisha kodi ya bibi wa kofia. Kutoka elfu arubaini hadi elfu sitini na tano. Nilizunguka na maneno wiki mbili. Nikaenda jioni, nikamkuta ana kofia mapajani, sindano mkononi. Nikamwambia huku natazama ndoo. Akaendelea kushona kidogo, kisha akasema, "Ahsante mwanangu hujanitoa."

Ningependa anitukane. Kofia moja inamchukua muda mrefu, zipo zinazokwenda miezi, na hiyo elfu ishirini na tano inayozidi itatoka machoni mwake. Niliporudi ndani mama aliniuliza amesemaje. Nikasema amekubali. Mama akasema, "Angekataa aende wapi?" akaendelea kuchambua mchele.

Kuna dada ataniuliza, kwa hivyo tukatae mitaro? Mimi siwezi kumwambia hivyo mtu aliyewahi kukuta maji ya choo kwenye gauni la harusi. Ninachotaka ni kwamba siku ile tunasomewa ustahimilivu na mji wa kijani, pawepo mtu wa kuuliza: kodi itakuwa kiasi gani baada ya hapa, na mpangaji ataandikwa wapi? Tulikuwa wanawake wengi kwenye mkutano ule, tumekaa nyuma kama kawaida yetu, na swali tulilouliza lilikuwa moja, kazi itaanza lini. Mie nilikuwepo. Sikuuliza.

Na maharusi wangu, kwa kuwa hapa ni kwenu: mkiandikiana mambo ya mahari na seti ya chumba, ulizeni pia nyumba. Mkataba uko kwa maandishi? Ni wa muda gani? Kodi inaweza kupanda wakati wowote au mpaka mwaka uishe? Na kama kuna fungu lako la mirathi limelala mahali, lijue hata kama hulitaki leo. Nimekutana na wawili mwezi huu walioambiwa watie saini karatasi "ya kawaida tu".

Yule bibi harusi wa Tunguu gauni lake limekwisha. Juzi alikuja kulichukua, mvua inanyesha, tukasimama mlangoni tunangojea ipungue. Chini ya zege maji yalikuwa yanakwenda kwa kishindo, mnayasikia miguuni. Barabara kavu. Akanambia amepata habari kuna chumba kimetoka nyumba ya pembeni, alipokuwa mama wa hina, je nakijua? Nikasema nakijua. Laki mbili na ishirini, mwaka mzima. Akatikisa kichwa, akafunga gauni lake kwenye mfuko wa nailoni mara mbili, kwa mazoea ya mtaa huu, akauliza gari za Tunguu siku hizi zinaanzia wapi.